Eriali ya Baba: kutoka chenga hadi kioo cheusi

Swali ninaloulizwa mara nyingi zaidi na jamaa zangu halihusu kompyuta hata kidogo. Ukiwa mtu wa kuandika programu, watu wa nyumbani huamini kwamba unajua kila kitu kinachotumia stima: printa, friji, mita, pasi. Lakini linaloshinda yote ni hili: "King'amuzi changu hakishiki stesheni, nifanye nini?"

Kwa kawaida najibu kwa dakika mbili kwenye simu. Kaza waya, tafuta stesheni upya, angalia kama eriali haijapigwa na upepo. Leo nataka kujibu kwa urefu, kwa sababu jibu lenyewe lina historia ndefu, na ndani ya hiyo historia kuna jambo nililomfanyia babangu mwaka 2015 ambalo lilimgharimu mamangu mbuzi. Jaza kikombe, ukae.

Enzi ya chenga

Nyumbani kwetu ni upande wa mashariki wa Mlima Kilimambogo, ule ambao ramani huuita Ol Donyo Sabuk. Una kimo cha mita 2,145 na umesimama peke yake kwenye nyanda kama mtu aliyesusia mkutano. Kuutazama ni raha. Kwa televisheni ni balaa, maana mitambo inayohudumia Nairobi iko Limuru, magharibi kabisa, na mlima umekaa katikati. Sisi tunaishi kwenye kivuli chake.

Baba alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. TV yake ya kwanza aliinunua mwaka 1996, Great Wall ya inchi 14, rangi nyeusi na nyeupe, ikiendeshwa kwa betri ya gari. Betri ilipelekwa sokoni kwa baiskeli kuchajiwa, na ikipungua nguvu picha ilianza kujikunja kutoka pembeni, ikawa ndogo ndogo mpaka mtangazaji anabaki kama pasipoti. Jumamosi jioni sebule ilijaa majirani, na watoto tulikaa sakafuni.

Kabla ya raha hiyo kulikuwa na kazi ya eriali. Kama ulikulia Kenya miaka hiyo huhitaji kuelezwa. Baba yuko juu ya paa anazungusha mlingoti, Mama yuko mbele ya TV, na mimi nimesimama mlangoni kupokeza maneno.

"Imeshika?"

"Bado!"

"Sasa je?"

"Ilikuwa imeshika, umeipitisha! Rudisha!"

Baba alifanya kazi hiyo siku mbili nzima. Alianza kwa kuielekeza Limuru, kama alivyoambiwa na aliyemuuzia. Akapata chenga tupu na sauti ya mtu anayeongea ndani ya mvua. Akaanza kuizungusha polepole, nyuzi chache kila mara, hadi ikaelekea kusini, kwenye kilima cha mawe kilicho kama kilomita moja na nusu kutoka kwetu. Hapo picha ikatulia. Majirani walimcheka: Nairobi iko huku, mwalimu, wewe unaangalia huko! Hakujibu. Alipaka mstari wa rangi nyekundu ulioanzia kwenye mlingoti ukashuka hadi kwenye kishikilio cha chuma kilichopigiliwa ukutani, ili upepo ukiigeuza ajue pa kuirudisha.

Picha haikuwa safi. Kila mtu alikuwa na kivuli chake hafifu pembeni, hivi kwamba mpira ukichezwa wachezaji 22 walionekana 44. Tulizoea. Shangazi yangu alipokwenda Nairobi na kuona TV isiyo na vivuli alisema picha yao ni nyembamba.

Kivuli hicho hebu tukiangalie kidogo. Picha ya analogi tuliyotumia ilichorwa kwa mistari 625, na kila mstari ulichukua mikrosekunde 64, ambazo kati yake kama 52 ndizo zilizoonekana kwenye kioo. Kioo cha inchi 14 kina upana wa takriban sentimita 28. Wimbi la redio husafiri mita 300 kwa mikrosekunde moja. Kwa hiyo wimbi likifika mara mbili, moja kwa njia fupi na jingine baada ya kugonga kilima na kuzunguka mita 300 zaidi, picha ya pili huchorwa nusu sentimita mbali na ya kwanza. Kwa rula ya mtoto wa shule ungeweza kupima umbali wa kilima kwenye kioo cha TV! Nami nilikuwa na rula, na nilikuwa na kioo, na sikuwahi kulifikiria hilo kwa miaka 19.

Mikono mirefu, mikono mifupi

Eriali yenyewe, ile yenye fimbo nyingi zilizopangwa kama mifupa ya samaki, ilibuniwa Japani mwaka 1926 katika Chuo Kikuu cha Kifalme cha Tohoku. Shintaro Uda ndiye aliyefanya kazi kubwa ya majaribio, lakini Hidetsugu Yagi, aliyekuwa mkuu wake, ndiye aliyeitangaza kwa Kiingereza, kwa hiyo dunia nzima inaiita Yagi. (Walioandika programu chini ya bosi wanaelewa.) Japani kwenyewe hawakuitilia maanani. Inasimuliwa kwamba majeshi ya Japani yalipoiteka Singapore mwaka 1942 yalikuta kwenye karatasi za rada za Waingereza neno "Yagi" likirudiwarudiwa, na mfungwa mmoja ndiye aliyewaeleza kuwa ni jina la Mjapani mwenzao.

Urefu wa fimbo hufuata urefu wa wimbi. Televisheni ilipoanza Kenya mwaka 1962 ilirushwa kwa VHF, mawimbi marefu, na eriali zake zilikuwa na mikono mirefu ambayo kunguru walipenda kutua. Kisha mwaka 1990 ikaja KTN Nairobi, stesheni ya kwanza ya binafsi, kwenye UHF chaneli 62. Watu wakagundua kwamba eriali zao za zamani hazifai kitu. Mawimbi ya chaneli 62 yako karibu na megahezi 802, na nusu ya wimbi hilo haifiki sentimita 19. Ikabidi watu wanunue eriali mpya zenye mikono mifupi. Huo nao ulikuwa uhamaji, ila hakuna aliyeuita hivyo, kwa sababu aliyetaka alihama na asiyetaka alibaki na stesheni yake ya zamani ikiendelea. Tofauti ya 2015 ni hiyo tu.

Ukitaka hesabu ya haraka, iandike mahali: chukua namba ya chaneli ya UHF, zidisha kwa 8, ongeza 306, umepata megahezi za katikati. Chaneli 21 ni 474. Itakufaa siku king'amuzi kitakapokuuliza masafa badala ya chaneli.

Neno king'amuzi nalo nalipenda. Wakenya wengi tunasema dikoda, lakini Watanzania waliotutangulia (Dar es Salaam ilizimiwa analogi tarehe 31 Desemba 2012) wamelizoesha hili, linatokana na kung'amua. Kifaa kinachotambua kilichofichika. Kwa kazi kinachofanya, jina linakifaa.

Geneva yafika kijijini

Mwezi wa Juni 2006, nchi za Ulaya, Afrika na Mashariki ya Kati zilikubaliana Geneva, chini ya Shirika la Kimataifa la Mawasiliano, ITU, kwamba matangazo ya analogi yatapoteza kinga yake tarehe 17 Juni 2015. Maana yake ni kwamba baada ya siku hiyo jirani yako akirusha dijitali ikaharibu analogi yako, huna pa kulalamika. Sababu kubwa ilikuwa nafasi. Stesheni moja ya analogi inakula megahezi 8 peke yake, na kwenye nafasi hiyo hiyo dijitali inabeba zaidi ya stesheni kumi. Nafasi inayobaki inakwenda kwa simu. Ile chaneli 62 ya zamani, kwa mfano, imo ndani ya masafa ambayo leo yametengewa intaneti ya simu. Kama bado una busta ya miaka ya nyuma pale juu, jua kwamba inakuza mnara wa simu kwa bidii ile ile iliyokuwa ikikuza taarifa ya saa moja, na hiyo ni sababu mojawapo ya king'amuzi kukwama karibu na minara.

Tarehe 9 Desemba 2009 Rais Mwai Kibaki alizindua matangazo ya dijitali Nairobi. Kiwango kilichotumika kilikuwa DVB-T. Mimi nilikuwa kijana mwenye kazi ya kwanza na mshahara wa kwanza, na mwaka uliofuata nilinunua king'amuzi kwa zaidi ya shilingi 5,000. Nilijiona nimefika. Ila mwaka ule ule wa 2009 kiwango kipya, DVB-T2, kilikuwa kimechapishwa Ulaya, kinachobeba data nyingi zaidi kwenye nafasi ile ile. Haikupita muda Kenya ikaamua kuhamia T2 kabla mitambo haijasambaa nchi nzima. Kiufundi ulikuwa uamuzi mzuri, na bado naona hivyo. Lakini king'amuzi cha kiwango cha kwanza hakisomi kiwango cha pili hata ukikiombea. Sanduku langu likaenda chini ya kitanda.

Kuhusu kesi za mahakamani sitazama sana, zimeandikwa kwingine. Kwa kifupi, mvutano ulikuwa juu ya nani atamiliki mitambo ya kusambaza mawimbi. Leseni zilikuwa zimepewa Signet, iliyo chini ya KBC, na kampuni ya Kichina, PANG. Vyombo vikubwa vya habari vilitaka kusambaza matangazo yao wenyewe na vilitaka muda zaidi. Kesi ikapanda kutoka Mahakama Kuu hadi Mahakama ya Juu, tarehe zikasogezwa, kisha zikasogezwa tena. Jumamosi tarehe 14 Februari 2015 mitambo ya analogi ya vyombo hivyo Limuru ikazimwa. NTV, KTN, QTV na Citizen zikawa hewani hazipo, si kwa analogi wala kwa dijitali, kwa karibu siku 19.

Jioni hiyo Mama alinipigia simu. "TV imekufa. Baba yako amesema si eriali, lakini njoo uangalie."

Injinia anafika

Niliwasili Jumamosi iliyofuata nikiwa na sanduku langu la 2010 ndani ya mkoba. Ndiyo, lile la DVB-T. Nilikuwa nimesahau kabisa habari ya viwango viwili. Kilichokuwa akilini mwangu ni kwamba "ninacho king'amuzi, hakitumiki, Baba atakitumia". Na mimi ndiye niliyekuwa nikiwahubiria wenzangu kazini kuhusu matoleo ya programu yasiyopatana!

Nikaunganisha. Nikatafuta stesheni. Sifuri. Nikatafuta tena. Sifuri. Nikafungua menyu, nikaona mistari miwili, nguvu na ubora. Nguvu ilikuwa juu, ubora ulikuwa sifuri. Hapo nikafanya kosa ambalo watu wengi hulifanya hadi leo: nikautazama mstari wa nguvu. Nikasema mawimbi yapo, kinachohitajika ni kuyalenga vizuri. Nikatoa simu, nikafungua dira na ramani, nikapiga mstari kutoka kwetu hadi Limuru, nikapanda juu ya paa.

Baba alikuwa amefanyiwa upasuaji wa nyonga mwaka 2013 na hakuruhusiwa kupanda ngazi. Alitoka nje na fimbo yake, akasimama chini ya mwembe.

"Usiiguse hiyo," aliniambia.

"Baba, hii inaangalia kilima. Limuru iko huku."

"Najua Limuru iko wapi. Nimeishi hapa kabla yako."

"Mambo yamebadilika, Mzee. Hii ni dijitali."

Nikaizungusha. Niliiona ile alama nyekundu ikikatika vipande viwili, kimoja juu ya mlingoti na kingine kwenye kishikilio, na wala haikunipa hata sekunde moja ya kusita. Nikakaza nati kwa nguvu zangu zote, kuelekea magharibi, moja kwa moja kwenye tumbo la mlima.

Haikushika, bila shaka. Tazama sasa hali ilivyokuwa. Vituo ambavyo Baba alivitaka havikuwa hewani kabisa. Sanduku nililoleta halikuweza kusoma hata vilivyokuwepo. Na eriali nilikuwa nimeigeuza mbali na mahali pekee palipokuwa na mawimbi. Hitilafu tatu kwa pamoja, na kila moja peke yake ilitosha kuacha kioo kikiwa cheusi. Ukirekebisha moja huoni tofauti, unadhani hujarekebisha kitu, unairudisha. Nimewahi kukaa wiki mbili juu ya hitilafu ya aina hiyo kazini, nikilipwa.

Analogi isingenifanyia hivyo. Ilikuwa inaharibika mbele ya macho yako. Sauti ilirushwa kwa FM na picha kwa njia nyingine, kwa hiyo picha ilianza kuingia chenga wakati sauti bado nzima, na kila ulipougeuza mlingoti kidogo uliona chenga zikipungua au kuongezeka. Mtu asiyejua herufi moja ya fizikia angeweza kuitafuta njia akaipata. Dijitali iko safi kabisa mpaka inapofika ukingoni, kisha inaganda, kisha haipo. Kati ya kuwapo na kutokuwapo hakuna kitu cha kumwongoza aliye juu ya paa.

Niliondoka Jumapili nikiwaambia nitatafuta suluhisho. Baba alikuwa amehamishia redio chumbani.

Mbuzi

Sikurudi haraka. Kulikuwa na mradi. Vituo vilirudi hewani mapema mwezi wa Machi, safari hii kwa dijitali, na kijiji kizima kikaanza kununua ving'amuzi. Mama hakuniambia. Aliuza mbuzi jike, mwenye mimba, akaenda Tala siku ya soko, akanunua king'amuzi cha T2 kilicho sawa kabisa. Alikipeleka nyumbani, kijana wa jirani akakiunganisha, kikatafuta stesheni: sifuri. Akakirudisha. Muuzaji akakichomeka dukani kwake, kikaonyesha picha safi. Akamwambia mama, kifaa ni kizima, shida ni kwenu. Alipanda matatu mara nne kwa ajili ya sanduku hilo, kwenda na kurudi, na mwisho akalifunga kwenye leso na kuliweka juu ya kabati.

Nililijua hilo wikendi ya Pasaka. Niliona leso. Nikauliza ni nini.

Wakati ule nilikuwa tayari nimegundua kosa la viwango, nimekuja na kifaa kipya, nikidhani nimemaliza. Nilipofungua leso nikakuta kingine kama changu, na Mama akasema, "Hicho nacho hakishiki," moyo ulinishuka. Vifaa viwili vizima, vituo viko hewani, na bado sifuri. Ilibaki kitu kimoja, na ni mimi niliyekigusa.

Baba alikuwa ameketi pale pale chini ya mwembe. Sikujua nianzie wapi, kwa hiyo nilimuuliza kuhusu vivuli. Vile vya zamani, vilikuwa upande gani wa watu?

"Kushoto," alisema bila kufikiri. "Kila mara kushoto."

Kama umefuata habari ya mistari 625 utaelewa kwa nini nilisimama. TV huchora kutoka kushoto kwenda kulia. Kwa watu wengi wimbi kuu ni lile lililokuja moja kwa moja, na mwangwi dhaifu huchelewa, kwa hiyo kivuli hukaa kulia. Kivuli kikikaa kushoto, maana yake ni kwamba kile hafifu ndicho kilichotangulia kufika, na picha yenye nguvu ndiyo iliyochelewa. Kwetu njia ya moja kwa moja, inayojipenyeza juu ya mgongo wa mlima, ndiyo ilikuwa hafifu. Picha tuliyotazama miaka yote ilikuwa imegonga kile kilima cha mawe, kilichoko nje ya kivuli cha Kilimambogo, na kuturudia. Kwenye Great Wall kivuli kilikuwa mbali na mtu kwa karibu sentimita tatu. Hiyo ni kama mikrosekunde tano, kilomita moja na nusu. Kilima chenyewe.

Baba hakuwa na hesabu hiyo. Alikuwa na siku mbili juu ya paa, mwaka 1996.

"Kwa nini hukuniambia?" nilimuuliza.

"Nilikuambia usiiguse."

Nilipanda. Nati ilikuwa imeanza kushika kutu mahali pabaya, ikabidi niigonge. Nikauzungusha mlingoti mpaka vipande viwili vya rangi nyekundu vikaungana tena. Mama akaita kutoka ndani, kama zamani, ila safari hii alikuwa anasoma namba. Ubora 20. 45. 70. Nguvu, hebu sikia hili, ilikuwa imeshuka hadi 64, chini kuliko nilipokuwa nimelenga mlima. Busta ilikuwa ikikuza kelele tu.

Kilichomo ndani ya sanduku

Utauliza, kama mwangwi uliharibu picha ya analogi, mbona dijitali iliukubali? Hapa ndipo mtu wa programu anapovua kofia. Badala ya kurusha data yote haraka kwenye wimbi moja, DVB huigawanya kwenye maelfu ya mawimbi madogo yanayokwenda polepole. Wazo hilo liliandikwa na Robert Chang wa Bell Labs mwaka 1966. Na kwa kuwa kila alama hudumu muda mrefu, huwekewa kipande cha kungojea mwanzoni, ili myangwi yote ifike kabla ya kuanza kusoma. Kwenye DVB-T ya kwanza kipande hicho kiliweza kufika mikrosekunde 224, yaani miangwi iliyozunguka kilomita 67. Yetu ya mikrosekunde tano ni mzaha. Kwa king'amuzi kilima chetu kilikuwa mtambo mwingine wa kurushia matangazo.

T2 ikaongeza kitu kingine. Data ikifika na mashimo, sanduku huyaziba kwa misimbo inayoitwa LDPC, ambayo Robert Gallager aliibuni katika tasnifu yake ya udaktari huko MIT mwaka 1960. Kompyuta za wakati huo hazikuwa na nguvu ya kuiendesha, ikasahaulika kwa zaidi ya miaka 30, hadi David MacKay na Radford Neal walipoifufua miaka ya 1990. Misimbo hiyo inafanya kazi karibu sana na kikomo cha kinadharia, na ndiyo sababu ukingo ni mkali vile. Inaokoa, inaokoa, inaokoa, kisha inashindwa kwa mkupuo. Mstari wa ubora kwenye menyu ndio unaokueleza imebakiza hatua ngapi kufika hapo, kwa hiyo utazame huo, na ule wa nguvu uusahau mpaka ubora uwe umefika.

Haya, jibu nililoahidi. Badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja. Thibitisha kwanza, kwa jirani, kwamba stesheni iko hewani. Thibitisha kwamba kifaa kinasoma T2. Kagua waya mahali unapoingia kwenye eriali. Ukikuta shaba imegeuka kijani, maji yameingia, kata kipande hicho. Kama stesheni zilikuwepo zikapotea baadhi, huenda zimehamishwa masafa, na orodha iliyo ndani ya sanduku ni ya zamani: ifute, utafute upya. Eriali iwe ya mwisho. Na kabla hujaigeuza, weka alama.

King'amuzi kilichozidi nilikirudisha Tala na nikapata nusu ya bei. Mbuzi nilimnunulia Mama mwezi wa Mei, ingawa alisema yule wa kwanza alikuwa na maziwa zaidi. Baba alifariki mwaka 2019. Desemba iliyopita niliupaka ule mstari rangi upya, nyekundu ile ile, kisha nikashuka kutafuta stesheni. Ubora ulikuwa 68.